Mbili Tu, Daktari

Nordvang, Minnesota
6 Oktoba 2003

Kaka yangu Orlyn,

Salamu nyingi kwako na kwa wifi yangu Marvyl. Sisi huku hatujambo, ukiondoa wale ambao hawajambo kwa mdomo tu. Mwanangu Delton amemaliza kuvuna soya, mahindi bado yamesimama shambani, na leo asubuhi maji ya kuku yalikuwa yameganda juu. Mama Kvamme tulimzika Alhamisi. Kahawa ya mazishi ilikuwa nyepesi kiasi kwamba niliona maua yaliyochorwa chini ya kikombe, na mchungaji mpya alisema "kwa kifupi" mara nne. Paka amezaa ndani ya buti la marehemu mume wangu Clayton. Sijamhamisha.

Delton ananiuliza kwa nini nisikupigie simu kama watu wengine. Nimemwambia mimi na wewe tulilelewa kwamba simu ni ya misiba na mvua ya mawe, na sioni sababu ya kubadilika nikiwa na miaka sabini na nne.

Jambo lenyewe ni hili. Ile nyonga niliyoangukia Machi, pale penye barafu kwenye sanduku la barua, bado inanisumbua kidogo. Daktari wetu mzee Engebretson amestaafu na kwenda zake kuvua samaki, na kabla ya kuondoka aliniandikia majina matatu kwenye karatasi. Akasema, "Ardis, mimi ujuzi wangu umeishia hapa. Wewe unahitaji daktari wa maumivu, wale wanaorudisha viungo kazini. Chagua mmoja." Nikamuuliza yupi ndiye mzuri. Akasema wote ni wazuri, akavaa kofia yake. Mtu amenitazama ulimi miaka arobaini halafu ananiachia mtihani!

Nakuandikia wewe kwa sababu Delton anataka kunikatia tiketi ya ndege nije kwenu Pasaka. Nataka kuja, Orlyn. Tulikuwa saba, tumebaki wawili, na tangu tumzike Harlan huu ni mwaka wa sita sijauona uso wako. Lakini kwenye kiti siwezi kukaa zaidi ya dakika ishirini. Kanisani nasimama nyuma kabisa, pamoja na wale wanaume wanaosubiri kutoroka kabla ya sadaka. Ndege yenyewe ni saa tatu na nusu angani. Kwa hiyo nikimpata daktari anayefaa nitakuja, nikimkosa sitakuja, na mimi na wewe hatuna Pasaka nyingi za kuchezea.

Mwaka jana uliniandikia kwamba mgongo ulikushika, ukaenda kwa daktari, ukapona. Ulimchaguaje?

Mdogo wako,
Ardis


Mesa, Arizona
21 Oktoba 2003

Mdogo wangu Ardis,

Nakusalimu kutoka juani. Marvyl mzima, amejiunga na wanawake wanaofuma kofia za sufu. Ndiyo, za sufu, na ndiyo, jangwani, wala usiniulize. Mchungwa umezaa hadi matawi yanagusa chini. Jirani yetu Pruitt amenunua kigari cha gofu chenye redio, sasa anadhani yeye ni gavana. Mimi nacheza gofu mara tatu kwa wiki na mgongo wangu ni mwepesi, hauna neno.

Mpe pole ya msiba mzee Kvamme. Mpe pole paka pia, buti la Clayton nalijua.

Kuhusu daktari, umemuuliza mtu anayejua. Kwanza, tazama ukutani kwake. Akiwa ametundika picha ya boti yake, toka. Akiwa ametundika picha ya samaki, kaa, lakini mtazame samaki mwenyewe. Pili, asiwe kijana mno, maana atataka kujaribu alichosoma jana, wala asiwe mzee mno, maana atakusimulia nyonga yake yeye. Tatu, unakumbuka Baba alivyomchagua daktari wa ng'ombe? Walikuja wawili. Wa kwanza akaenda moja kwa moja kwenye kiwele na mikono yake ya baridi, akapigwa teke la goti. Wa pili akasimama mlangoni mwa zizi, mikono mfukoni, akamtazama ng'ombe akitembea kutoka mwisho hadi mwisho. Ndipo akasema habari za asubuhi, na aliyemsalimia ni ng'ombe. Baba akamchukua huyo na akadumu naye miaka ishirini na mbili. Mtafute huyo, ila wa watu.

Wa kwangu mimi ni hodari sana. Nilimpata siku hiyo hiyo.

Neno moja tu la kaka yako: usiende kule kulialia. Wewe ni binti wa Tollef Rustad.

Orlyn


Nordvang
18 Novemba 2003

Kaka yangu Orlyn,

Asante kwa barua na kwa machungwa. Mawili yalifika yamepondeka, Delton akayala hivyo hivyo amesimama kwenye sinki. Theluji imeanguka mara mbili. Mchungaji mpya amejaribu kubadilisha saa ya ibada, na sasa anaelewa zaidi kuhusu Walutheri kuliko walivyomfundisha chuoni.

Jumamosi ilikuwa karamu ya samaki kanisani. Tulilisha watu mia nne na kumi. Miaka thelathini na moja nimesimama kwenye lile kaango kubwa nikigeuza chapati za viazi, na mwaka huu saa moja haikupita, Bernette Skaar akaja akanichukulia kijiti cha kugeuzia mkononi. "Pumzika kidogo, mpenzi," akasema, kwa ile sauti anayoongea na watoto wachanga na marehemu. Chapati zake zilitoka nene, unaweza kuzipigia soli ya kiatu. Nilikaa kwenye ndoo iliyogeuzwa nikizitazama zikiungua pembeni.

Sasa sikiliza habari za daktari wa kwanza. Anaitwa Whitcomb, kliniki yake iko ng'ambo ya mto. Kwanza wananipa karatasi yenye picha ya mtu uchi asiye na uso, niweke alama mahali panapouma. Nikaweka nukta moja, ndogo, safi. Halafu msichana wa mapokezi akaniuliza, "Mama, kutoka sifuri hadi kumi, maumivu yako ni ngapi? Kumi ndiyo maumivu makubwa kuliko yote unayoweza kuwaza."

Basi nikawaza. Nikamfikiria Mama Kvamme na saratani yake. Nikamfikiria mjomba Peder na ile mashine ya mahindi. Nikafikiria, nikisema kumi leo, siku ghala likiniangukia nitasema ngapi?

"Mbili tu," nikamwambia. "Asante."

Daktari akaja, akaisoma ile karatasi, akafurahi kama amepewa zawadi. "Mbili! Laiti wagonjwa wangu wote wangekuwa kama wewe, Mama Aasen. Nenda nyumbani, tembea tembea, ukifika tano urudi."

Nakiri nilitoka pale na kiburi kidogo. Nilikuwa nimefaulu. Kiburi kilinisindikiza mpaka kwenye gari, na hapo mguu wa kushoto ukakataa kuingia. Ilibidi niuinue kwa mikono miwili na kuuweka ndani kama gunia la viazi. Nikakaa pale hadi vioo vikaingia ukungu, nikawaza kuhusu Pasaka.

Majina yamebaki mawili. Niambie yule daktari wako anaitwa nani, labda anamjua mwenzake wa huku.

Ardis


Mesa
14 Desemba 2003

Mdogo wangu,

Heri ya Krismasi kwako, kwa Delton na kwa paka wote. Samahani kwa kuchelewa, nimebanwa sana na shughuli. Marvyl amefuma kofia kumi na tisa. Wanazipeleka kwa watoto wachanga hospitalini, kumbe jangwani nako watoto huzaliwa na vichwa vya baridi.

Ardis, una akili au una makapi? Umemwambia daktari mbili! Mtu anaendesha gari maili hamsini kwenye theluji, anabeba mguu wake mkononi, halafu anasema mbili, asante! Mbili ni kuumwa na mbu. Mbili ni kofia iliyokubana. Mimi ningekuwa karibu ningekupiga kibao cha kisogo kama zamani. Wewe ni Baba mtupu. Unakumbuka farasi alipomkanyaga, vidole vitatu vikavunjika, naye akasema tu, "Huyu farasi leo amesimama vibaya"? Tulicheka sana. Nikifikiria sasa, haikuwa ya kuchekesha hata kidogo.

Nenda kwa hao wawili waliobaki, useme ukweli.

Hapa mambo ni mazuri. Dari ya sebule yetu ina nyufa tatu, mmoja unafanana kabisa na lile ziwa letu kubwa, Ziwa la Juu, hadi kisiwa chake. Saa nne asubuhi kuna kipindi cha televisheni ambapo wazee wanakisia bei za majokofu, saa tano kuna cha mahakama, na yule hakimu mwanamke hana masihara. Gofu inaendelea vizuri.

Kuhusu sisi kuja huko majira ya joto, kama Delton alivyouliza kwenye kadi, sidhani. Kuna mashindano.

Orlyn


Nordvang
12 Januari 2004

Kaka yangu Orlyn,

Heri ya mwaka mpya. Huku ni nyuzi ishirini na sita chini ya sifuri na gari la Delton linalala na blanketi nyingi kuliko mimi. Bernette Skaar amevunjika kidole cha mguu kwa kupiga teke mlango wa jokofu la kanisa. Nimempelekea supu. Ninakwambia ukweli mbele ya Mungu, nilienda kwa moyo safi, angalau njia ya kurudi.

Nimemaliza majina yote matatu, kaa vizuri nikusimulie.

Wa pili, Daktari Hollister, alikuwa na boti ukutani. Nilipaswa kukusikiliza. Aliingia akiwa na sindano tayari, akaniuliza "Upande gani?" na nilipoanza kusema jina langu akasema tayari wameliandika. Hakukaa. Tangu aingie hadi atoke mtu yule hakuweka makalio yake mahali. Nikamwambia nitafikiri. Akasema kufikiri hakutasaidia. Nikavaa koti langu, dakika sita kwa mkono mmoja, wa pili umeshika meza, naye alikuwa ameshaenda chumba kingine.

Wa tatu ni mwanamke, Daktari Demarais, mfupi kama mimi, nywele amekata kama mvulana. Alinifungulia mlango mwenyewe.

"Mama Aasen," akasema, "nilikuwa dirishani. Kutoka kwenye gari lako hadi hapa ni hatua arobaini. Umesimama mara tatu, na mara zote tatu umejifanya unatazama ndege."

"Kulikuwa na ndege," nikasema.

"Januari hii?"

"Kunguru."

Akacheka sana, akanivutia kiti kirefu chenye mikono, na yeye akakaa kwenye kifupi. Nikaona bora niwahi, nikasema, "Mbili."

"Sijauliza," akasema. "Mama yangu ni Mlutheri wa huku huku. Alinizaa mimi akiwa kwenye mbili. Namba zenu nyie hazinisaidii kitu. Nataka kujua jambo moja: soksi ya kushoto, nani anakuvalisha?"

Orlyn, niliuficha mguu wa kushoto chini ya kiti. Hakuna binadamu aliyejua habari ya soksi, hata Delton. Nikamwambia. Naitandaza sakafuni, naingiza vidole, halafu naivuta juu kwa kile kijiti kirefu cha kugeuzia chapati. Tangu Aprili. Hakucheka. Akasema, "Nionyeshe," na nilipomwonyesha kwa rula yake ndefu, machozi yakanitoka, mimi, mbele ya mgeni, saa nne na nusu asubuhi. Akaniachia tu nilie. Hakunipigapiga mgongoni wala kunipa maji.

Halafu akasema, "Siwezi kukuahidi maumivu yataisha. Atakayekuahidi hivyo mkimbie, ukiweza kukimbia. Ninachoweza ni kukurudishia vitu, kimoja kimoja. Unataka tuanze na kipi?"

Nikamwambia kiti cha ndege, saa tatu na nusu. Akaandika hivyo hivyo kwenye faili langu.

Kwa hiyo nimechagua. Baba angemchukua. Nina kidonge kimoja kidogo, nina zoezi la kulala chali sakafuni jikoni na kuinua goti, nina la kuinuka kitini bila mikono, na mara mbili kwa wiki natembea ndani ya bwawa la hoteli ya barabarani nikiwa nimevaa vazi la kuogelea. La mwisho nilivaa mwaka 1961. Wauza mbegu waliokuja kwenye mkutano walinipisha njia kwa heshima kubwa. Jana nilikaa dakika ishirini na tisa. Nilitegesha saa ya kuchemshia mayai.

Sasa na mimi nina maswali. Nimekuuliza jina la daktari wako, hujanijibu. Pia, kwa nini barua yako ya Krismasi umeiandika kwa penseli? Tangu nikujue wewe ni mtu wa wino. Ulikuwa ukitucheka sisi wa penseli, ukisema ni watu wasio na uhakika.

Ardis


Mesa
2 Februari 2004

Ardis,

Hongera kwa daktari na kwa bwawa. Hatujambo wote.

Kalamu ilipotea. Dunia imejaa penseli, sioni ajabu yake.

Jina la daktari limenitoka. Wana majina marefu huku.

Usijisumbue na habari za Pasaka. Ndani ya ndege watu huambukizana mafua, na huku wakati huo joto huwa kali. Njoo mwaka ujao ukiwa umepona sawasawa.

Orlyn


Nordvang
11 Februari 2004

Orlyn,

Sote wazima, theluji ni nyingi, paka ni wengi, hizo ndizo salamu.

Barua yako ilipofika nilikuwa sakafuni jikoni kwenye zoezi langu la goti. Delton aliniletea nikaisoma nikiwa nimelala hivyo hivyo. Nikataka kuongeza sukari kwenye orodha ya dukani, nikachukua kalamu, nikaishika karatasi juu ya uso wangu, nikaandika "suk," wino ukakata. Nikaitikisa, nikajaribu tena, ukakata tena. Ukiwa umelala chali kalamu haiandiki, Orlyn. Wino haupandi. Penseli ndiyo inayoandika. Nililala pale nikitazama dari yangu mwenyewe, na nikaanza kuhesabu mtu anahitaji siku ngapi za kulala chali ili aijue dari yake ufa kwa ufa, hadi na visiwa.

Siku mbili baadaye nikageuza bahasha. Nyuma yake, chini kabisa pale gundi inapoishia, kuna maandishi madogo ya Marvyl. Yanasema: "Anakudanganya. Hajashika gofu tangu Septemba."

Usimgombeze. Ukimgombeza nitajua.

Nina hasira na wewe kiasi kwamba nimepika mikate minne ambayo sina mtu wa kuila. Uliniita mwenye makapi! Ulinipa mafundisho ya boti na samaki! Umelala hapo miezi mitano ukimtazama hakimu wa televisheni, huku ukiniambia mimi niende nikaseme ukweli. Na lililoniuma zaidi ni ule mwisho wa barua yako, kwamba nisije. Nilikaa siku mbili nikidhani kaka yangu hanitaki.

Nakuja. Delton ameshakata tiketi ya tarehe nane Aprili. Niko kwenye dakika hamsini na tano. Daktari Demarais anasema ndege si kanisa, mtu anaruhusiwa kusimama. Wewe kazi yako ni kuniandikia ukweli, mara moja tu katika maisha yako, na Marvyl kazi yake ni kukusanya majina ya madaktari wa maumivu wa hapo mjini. Kuchagua niachieni mimi. Nina uzoefu sasa.

Nakupenda, mzee mpumbavu wewe. Tazama, nimeliandika kwa wino.

Ardis


Mesa
1 Machi 2004

Mdogo wangu Ardis,

Marvyl anakusalimu. Sikumgombeza. Nilijaribu, akanisogezea televisheni mbali nisiione.

Basi ukweli. Gofu sijawahi kucheza vizuri hata nilipokuwa mzima. Septemba Pruitt alinipandisha kwenye kile kigari chake chenye redio. Kilikuwa kimesimama, Ardis. Nilianguka kutoka kwenye kigari kilichosimama, nikijaribu kuonyesha jinsi tulivyokuwa tukiruka kwenye mkokoteni wa nyasi. Tangu hapo maumivu yanashuka kutoka kiunoni hadi kwenye kisigino, na kukaa siwezi kabisa. Nakula nimesimama au nimelala. Marvyl ndiye anayenivalisha suruali, na yeye ana miaka sabini na tano na mikono yenye baridi yabisi.

Yule daktari wa mwaka juzi hakuwepo. Mgongo ulipona wenyewe nikampa sifa mtu wa kubuni. Ila Novemba nilienda kwa mmoja, wa kweli, Marvyl alinipeleka nimelala kiti cha nyuma kama zulia. Aliniuliza ile sifuri hadi kumi. Wewe ulisema mbili. Mimi nilisema moja. Nikikumbuka vizuri nilisema "moja au chini ya hapo." Akanishika mkono akanipongeza.

Tangu siku hiyo sijaenda kwa mwingine, na sababu si kiburi peke yake. Naogopa. Hapa ninapolala hakuna mtu aliyeniambia bado kwamba sitatembea tena. Nikienda kwa daktari mzuri, anayejua kazi yake, anaweza kuniambia. Kwa hiyo namkwepa aliye mzuri, na walio wabaya wananiacha niende zangu. Hili sijamwambia hata Marvyl.

Sikutaka uje kwa sababu wewe unanikumbuka nikikubeba begani kuvuka kijito. Sasa utanikuta nimelala na kofia ya sufu kichwani.

Lakini tiketi imekatwa.

Orlyn


Mesa, chumba cha kungojea
13 Aprili 2004

Kaka yangu Orlyn,

Salamu kutoka mita tano. Wewe uko nyuma ya huo mlango wa kijani, mimi niko nje na kalamu niliyoazima mapokezi, na kwa kuwa sijui njia nyingine ya kukaa na wasiwasi, nakuandikia. Marvyl yuko pembeni yangu anafuma kofia ya arobaini na moja. Delton alipiga simu asubuhi, tukashtuka wote tukidhani ni msiba, kumbe alitaka kujua chumvi ya kuku iko wapi. Kuku hawali chumvi. Mambo ya nyumbani ni hayo.

Hukuniuliza vizuri habari za safari, ulikuwa na kazi ya kujifanya una usingizi. Nilikaa saa moja na dakika tano kwa mkupuo mmoja, halafu nikaenda kusimama nyuma ya ndege karibu na birika la kahawa. Jimbo la Nebraska lote nimelipita wima. Msichana wa ndege aliniuliza kama nahitaji msaada nikamwambia ndiyo, nahitaji. Nimelisema neno hilo mara nne tangu Januari na bado halijaniua.

Najua umenuna kwa kuwa tumekuzungusha kliniki tatu kwa siku moja ukiwa kiti cha nyuma. Ya kwanza nilishuka mwenyewe kupima mlango. Ulikuwa mzito, mtu mwenye mgongo mbovu hawezi kuuvuta, maana yake mwenye kliniki hajawahi kufikiria ni nani anakuja. Ya pili walikuwa na makochi mazuri ya chini, laini. Nilimwona bibi mmoja amezama humo hajui atatokaje. Nikamsaidia kutoka, tukaondoka. Kwenye hii ya tatu, wakati Marvyl bado anatafuta kivuli cha kuegesha, mlango ukafunguka, akatoka mzee mwenye masharubu, akaja mpaka kwenye gari, akaweka mikono mfukoni, akakutazama jinsi unavyojitoa humo ndani. Hakukugusa. Ulipomaliza ndipo akasema, "Habari za asubuhi, Bwana Rustad. Mimi ni Arvizu. Hiyo kazi yote uliyoifanya hapo nimeiona." Nikamwambia Marvyl, zima gari.

Ulinitazama ulipokuwa unaingia. Sijawahi kuona macho hayo kwako, hata siku ya Harlan. Nilitaka kuja na wewe, ukatikisa kichwa. Sawa. Lakini nataka ujue kwamba lolote atakalokuambia, tumeambiwa sisi wawili. Kama ni kiti cha magurudumu nitakusukuma, nikichoka Marvyl atanisukuma mimi. Nimebadilisha tiketi ya kurudi. Nitakaa hadi Juni, nimeshampigia Delton, na ndiyo, nimempigia simu bila mtu kufa.

Sasa nimetega sikio. Nasikia sauti ya daktari, ya chini chini, kisha hakuna. Anakungoja ujibu. Orlyn, mwambie. Usimwambie kama ambavyo Baba angesema, mwambie wewe unavyosikia. Marvyl ameacha kufuma.

Umepiga kelele! "Inauma! Inauma, Mungu wangu, inauma vibaya, na ninaogopa!" Nimesikia kila neno, limepita kwenye mlango na ukuta. Chumba kizima kimegeuka. Kuna bwana mmoja wa kofia pana amevua kofia yake. Marvyl analia ndani ya sufu. Na mimi nimesimama, bila kushika kiti, nikawaambia wote waliokuwa wakitazama, "Huyo ni kaka yangu."